Shahada ya elimu maalumu: je, gharama yake inarudi, na inarudi kwa nani?

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Wadau wa elimu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, nina umri wa miaka 31, na huu ni mwaka wangu wa saba darasani. Katika darasa langu la sasa wako watoto watatu ambao najua, bila kuambiwa na mtaalamu yeyote, kwamba siwafundishi. Nawalinda tu hadi kengele ilie. Mmoja hasomi kabisa ingawa kwa mdomo anajieleza kuliko wenzake wote, wa pili huingia chini ya dawati kila kelele zinapozidi, na wa tatu husikia nusu ya ninayosema, na nusu iliyobaki huisoma midomoni mwangu ninapokumbuka kumgeukia. Hao ndio walionipa wazo la kuomba nafasi ya shahada ya kwanza ya elimu maalumu. Lakini huruma hailipi ada, na kabla sijajaza fomu nimeona nipige hesabu hadharani, nanyi mnikosoe.

Nitatumia vipimo badala ya fedha, ili kila msomaji aweke sarafu na viwango vyake. Mshahara wangu wa mwaka mzima nauita 100. Ada na gharama nyingine za masomo ya kutwa nimezikadiria kuwa 35 kwa mwaka, na nyongeza ya mshahara nitakayoipata nikishapandishwa daraja kwa kuwa na shahada, pamoja na posho ya elimu maalumu, nimeikadiria kuwa 15 kwa mwaka. Haya ni makadirio yangu, si takwimu za mahali popote.

Njia ya kwanza ni kuacha kazi kwa muda, kwa likizo isiyo na malipo, na kusoma miaka 3. Ada itakuwa 105, na hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini. Wanasahau kwamba katika miaka hiyo 3 nitakuwa nimeacha mshahara wa 300, kwa hiyo gharama halisi ni 405. Ukigawanya kwa 15 unapata miaka 27. Nitahitimu nikiwa na miaka 34 na nitarudisha fedha yangu nikiwa na miaka 61, yaani wakati wenzangu wanaagwa kwa keki.

Njia ya pili ni kusoma huku nikifanya kazi, mwishoni mwa juma na wakati wa likizo za shule, kwa miaka 5. Ada ni 25 kwa mwaka, jumla 125, na naongeza 25 kwa ajili ya miezi ya mafunzo kwa vitendo ambayo huenda nikalazimika kuomba ruhusa bila mshahara. Jumla ni 150, na fedha inarudi katika miaka 10.

Njia ya tatu ni ruhusa ya masomo yenye mshahara. Hapo nabaki na ada ya 105 tu, inayorudi katika miaka 7, ila mwajiri anayekulipa ukiwa masomoni hukufunga kwa mkataba wa kumtumikia miaka kadhaa baadaye, na ukiuvunja unarudisha fedha zake.

Mpaka hapa nilikuwa nimeridhika na hesabu yangu, halafu nikagundua kosa lililonikosesha usingizi. Ile 15 si malipo ya elimu maalumu. Sehemu kubwa yake, tuseme 12, ni malipo ya kuwa na shahada, na ningeipata hata kama ningesomea historia au hisabati. Posho ya elimu maalumu yenyewe ni 3 tu, na kuna mahali haipo kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimechanganya maswali mawili: je, shahada inalipa, na je, elimu maalumu inalipa kuliko shahada nyingine ya ualimu? Swali la kwanza nadhani nimelijibu. La pili ndilo lililonileta hapa, kwa sababu jibu lake haliko kwenye mshahara peke yake. Liko kwenye urahisi wa kupata ajira, kwenye mzigo wa kazi, na kwenye uwezekano wa kupangiwa mahali ambapo ujuzi huo utatumika.

Naomba michango ya walioipitia njia hii, hasa wale waliojutia.

Daftari Jekundu

Mwalimu, nakupongeza kwa kuitambua ile 300 iliyofichika. Nimewahi kushika hesabu za shule kwa miaka mingi, na nakuambia kwamba karibu kila mwalimu aliyenijia na mpango wa kwenda masomoni alikuja na ada tu. Hata hivyo umeacha mambo matatu, na mojawapo linaweza kupindua hesabu yote.

Dogo ni kwamba mwaka usio na mshahara ni mwaka usio na michango ya pensheni, na mara nyingi ni mwaka usiohesabiwa katika kupanda ngazi. Njia yako ya kwanza, ambayo tayari ni mbaya, ni mbaya zaidi ya ulivyoandika. Iache.

La pili ni mkopo. Hukuutaja, nami nachukulia kwamba ada hutailipa kutoka mfukoni. Deni la 100 likiachwa miaka 5 bila kuguswa, kwa riba ya asilimia 8 inayojumlishwa kila mwaka, linakuwa karibu 147. Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, riba ya deni hilo peke yake itameza karibu 12 katika ile nyongeza yako ya 15, na deni lenyewe litapungua kwa 3. Maana yake ni kwamba utakuwa umepandishwa daraja kwenye karatasi, lakini nyumbani hawataona tofauti. Ndiyo maana kwa mtu aliye kazini njia ya pili ina faida ambayo hukuiandika: inakuruhusu kulipa ada muhula kwa muhula kutoka kwenye mshahara, bila kukopa, au kwa kukopa kidogo sana. Kama mkopo wako hauna riba, hesabu hii haikuhusu, lakini soma mkataba hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuniambia hauna.

La tatu ni misaada yenye masharti. Nchi mbalimbali zinajua kwamba walimu wa elimu maalumu ni wachache, na zinajaribu kuwavuta kwa kuwafutia madeni. Marekani ni mfano mzuri kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi. Mpango wa serikali kuu ya huko wa kusamehe mikopo ya walimu humfutia mwalimu wa elimu maalumu mwenye sifa hadi dola 17,500 baada ya kufundisha miaka 5 kamili mfululizo katika shule inayohudumia watoto wa familia zenye kipato kidogo, wakati mwalimu wa masomo mengi ya kawaida huishia dola 5,000. Unaona hapo kwamba thamani ya elimu maalumu haikuwekwa kwenye mshahara. Imewekwa kwenye deni, na imefungwa kwa neno «mfululizo». Katika nchi hiyohiyo kuna pia ruzuku inayoitwa TEACH, inayompa mwanafunzi wa ualimu hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa ahadi ya kufundisha somo lenye uhaba kwa miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya kuhitimu. Asipotimiza, ruzuku inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku alipopokea fedha. Kwa hiyo popote ulipo, ukiona neno «ufadhili», usiulize kwanza ni kiasi gani. Uliza kinatokea nini usipomaliza, ukiugua, ukihamishwa, au shule ikifunga kitengo chake cha elimu maalumu.

Na neno moja kwa vijana wanaosoma uzi huu wakitoka sekondari: hesabu ya mwalimu si yenu. Ninyi hamna mshahara wa kuacha. Mnalinganisha shahada na shahada, kwa hiyo kwenu ile 300 haipo, na swali linabaki kuwa la ajira na la moyo wa kuifanya kazi yenyewe.

Chaki na Vumbi

Mleta uzi ameomba waliojutia, nami ni mmoja wao, ingawa sijutii kila kitu.

Nilisoma shahada hii miaka 4, nikafundisha miaka 4, nikaondoka. Ukitumia vipimo vyako, mtu aliyetumia 150 na kuvuna 15 kwa mwaka akiondoka mwaka wa nne amerudisha 60. Hiyo 90 iliyobaki ndiyo niliyoiacha darasani. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kuuliza kama shahada inalipa, uliza kama utakaa. Gharama kubwa kuliko zote katika taaluma hii ni kuondoka mapema, na watu hawaondoki kwa sababu ya watoto.

Mimi niliondoka kwa sababu ya saa. Nilikuwa na wanafunzi 9 katika kitengo, na kila mmoja alipaswa kuwa na mpango wake wa elimu: anaweza nini sasa, afike wapi mwisho wa muhula, kwa hatua zipi, nani atapima na lini. Mpango ukiandikwa vizuri ni chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Lakini mipango 9 inahitaji tathmini 9, vikao 9 na wazazi, na kumbukumbu za kila siku za mtoto mmoja mmoja, na hakuna kipindi kilichotengwa kwenye ratiba kwa kazi hiyo. Niliifanya usiku. Mwalimu wa darasa la kawaida akiandaa somo moja anawafundisha watoto wote. Mimi niliandaa somo moja na kulikata vipande 9, kwa kuwa mmoja alikuwa anajifunza kushika penseli na mwingine alikuwa anajumlisha kwa kubeba. Gawanya ile posho ya 3 kwa saa hizo za usiku, utaona kwamba hakuna anayelipwa kwa saa hizo.

Jambo la pili ni upweke. Katika shule yenye walimu 30, wewe ndiye unayeitwa mtoto yeyote anapolia, anapouma au anapotoroka, hata kama hana ulemavu wowote na amekosa adabu tu. Na mwalimu wa hisabati akiugua, kitengo chako kinafungwa ukashike darasa lake, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba watoto wako hawana mtihani, kwa hiyo hawapotezi kitu.

Chuoni tulifundishwa habari za Itard, yule daktari wa Paris ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alimchukua mvulana aliyeokotwa msituni, akampa jina la Victor, na kumfundisha kwa takriban miaka 5. Victor hakujifunza kusema, ila alijifunza kusoma baadhi ya maneno na kuishi na watu, na Itard aliacha akiona ameshindwa. Wakati ule niliiandika kama historia ya kujibia mtihani. Baadaye nikaja kuiona kama maelezo ya kazi: mwalimu aliyetangulia wengi wetu naye alichoka baada ya miaka mitano, na kilichomchosha ni kupima mafanikio kwa kipimo kimoja tu, yaani kusema. Mbinu zake hazikupotea, kwa sababu zilipokelewa na mwanafunzi wake Séguin, na kutoka huko zikamfikia Maria Montessori, yule mwalimu maarufu wa Italia. Ninachotaka kusema ni kwamba ukiingia ukitarajia watoto wako wafikie wenzao, utaondoka kabla yangu.

Nisichojutia ni ujuzi. Sasa niko darasa la kawaida, na najua kuvunja somo katika hatua ndogo, najua kutazama tabia na kuuliza ilianzia wapi kabla sijaadhibu. Walimu wenzangu hudhani nina kipaji.

Nukta Sita

Nimefundisha wanafunzi wasioona kwa miaka 19. Naomba nipingane kidogo na wote waliotangulia, kwa kuwa mnazungumza kana kwamba elimu maalumu ni kitu kimoja.

Michepuo yake haifanani hata kidogo kwa thamani sokoni. Kuna mchepuo wa jumla, wenye nadharia za ujumuishi, sheria, historia na aina za ulemavu, ambao mhitimu wake anajua kidogo kuhusu kila kitu. Na kuna michepuo inayompa mtu ujuzi wa mikono ambao mwalimu mwingine hawezi kuuigiza kwa siku mbili: nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa), Lugha ya Alama, mafunzo ya kutembea kwa fimbo nyeupe, mawasiliano kwa wasiosema. Nukta nundu, aliyoichapisha Louis Braille mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20, ina nukta 6 tu, ambazo hutoa maumbo 63. Mtu mwenye akili ya kawaida anazikariri herufi ndani ya wiki chache. Lakini kuandika hisabati kwa nukta nundu, kusahihisha insha, kugeuza ramani na michoro iwe ya kupapasa, hayo ni ya miaka. Mwalimu anayeyaweza huwa hatafuti kazi kwa muda mrefu, na zaidi ya hapo ana kazi nyingine ya halali ya pembeni: kuandaa vitabu, kugeuza mitihani, kuwafundisha watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa ukubwani.

Kwa hiyo ukienda kuuliza chuoni, usiulize sifa za chuo. Uliza nani anafundisha nini. Kwa upande wa uziwi, uliza kama kuna wakufunzi viziwi wanaofundisha Lugha ya Alama, na kwa saa ngapi kwa juma. Swali hilo lina historia ndefu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kwamba kufundisha kwa kusemesha kunafaa kuliko alama, na vizazi vya watoto viziwi katika nchi nyingi wakakatazwa lugha ya mikono yao darasani. Ni mwaka 2010 tu, huko Vancouver, ndipo mkutano wa mfululizo huohuo ulipoyakataa rasmi maazimio yale. Hadi leo unaweza kukutana na mhitimu wa mchepuo wa uziwi mwenye alama nzuri sana za mitihani ambaye hawezi kufuata mazungumzo ya watoto wawili viziwi wanaogombana kwenye mapumziko. Shahada ya namna hiyo, Daftari Jekundu, utaiweka safu gani?

Kuhusu ajira, tusidanganyane. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92, lilisema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ikaifanya elimu jumuishi kuwa haki. UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240. Mtu akisoma hayo anadhani kazi zinamsubiri mlangoni. Uhitaji upo, tena mkubwa, lakini uhitaji si nafasi ya kazi. Nafasi ya kazi ni mstari kwenye bajeti ya mwajiri, na waajiri wengi wamelielewa neno «ujumuishi» kwa maana ya kumweka mtoto katika darasa la kawaida bila kumwekea mwalimu wa kumsaidia. Kabla ya kuchagua mchepuo, tafuta matangazo ya kazi ya miaka 2 iliyopita katika eneo unaloweza kuishi, uhesabu ni mangapi yaliyoutaja mchepuo huo kwa jina. Jioni moja ya kazi hiyo ina faida kuliko maoni yetu yote humu.

Jioni Njema

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina shahada ya ualimu wa masomo ya sayansi tayari. Je, nianze shahada nyingine?

Daftari Jekundu

Hapana, ndugu. Ukiwa na shahada ya ualimu, tafuta stashahada ya uzamili au cheti cha nyongeza katika mchepuo mmoja, ambacho mara nyingi ni cha mwaka 1 au 2. Ile 12 ya daraja la shahada wewe umeshaipata, kwa hiyo shahada ya kwanza ya pili utailipia ada nzima kwa ajili ya 3. Hakikisha tu kwamba mwenye kutoa leseni mahali pako anaitambua stashahada hiyo kwa kufundishia kitengo.

Mama Pacha

Mwalimu wa Zamu, mimi si mwalimu. Nina watoto pacha wenye umri wa miaka 9, na mmoja wao ana usonji.

Mwanangu alikaa darasani miaka 2 na mwalimu mwenye upendo mwingi, hakujifunza chochote. Akaja mwingine mwenye mafunzo, ambaye kwa tabasamu si mwepesi, akamfundisha kuomba kwenda chooni kwa kadi ya picha. Ilimchukua miezi 5. Sijui kipimo chenu cha 100 kingeiandika vipi miezi hiyo, ila nyumbani kwetu tuliacha kufua mara tatu kwa siku, na mwanangu aliacha kupiga kichwa ukutani kila alipobanwa. Kwa hiyo msiseme faida yote ni ya anayesoma.

Ila nina swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Wale watoto watatu walio darasani kwako hivi sasa watakuwa wapi utakapohitimu baada ya miaka 5?

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Mama, swali lako nimekaa nalo siku nne kabla ya kurudi hapa.

Watakuwa wameondoka. Wa mwisho wao atakuwa sekondari, au atakuwa nyumbani. Nilikuwa nimewaweka watoto hao katika sentensi ya kwanza ya maombi yangu, na ukweli ni kwamba shahada hii haiwahusu. Nimeyatenganisha mambo mawili. Yule anayesikia nusu nimemhamishia dawati la mbele, upande ulio mbali na dirisha la barabarani, nami najizoeza kutosema nikiwa nimegeukia ubao. Nimewaomba pia wazazi wake wampeleke kupimwa masikio, na wamekubali. Kwa hao wengine wawili nimejiandikisha kwenye kozi fupi ya wiki 6 kuhusu matatizo ya kusoma na tabia darasani. Hayo hayahitaji shahada, na niliona haya kidogo kugundua kwamba nilikuwa nayasubirisha kwa kisingizio chake.

Shahada nimeipigia hesabu upya. Njia ya kwanza nimeifuta. Njia ya tatu niliiulizia: mwajiri wangu anatoa ruhusa yenye mshahara, lakini foleni yake ni ndefu na mkataba unamruhusu kunipanga kokote baadaye, hata kwenye darasa la kawaida, huku mimi nikiwa ndiye niliyefungwa. Imebaki njia ya pili. Nitalipa ada muhula kwa muhula bila mkopo, na nikikubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha shule ya jirani huku nikihesabiwa kuwa kazini kwa sehemu ya siku, ile 25 ya ruhusa itashuka hadi 10 hivi. Jumla ni 135. Kwenye mapato nimeitoa ile posho ya 3, kwa kuwa inapotea siku unapohamishwa kutoka kitengoni, nimebaki na 12 tu. Inakuwa miaka 11 na miezi 3 tangu kuhitimu, wakati nitakuwa na miaka 47. Hesabu hiyo naiweza hata mambo yakienda vibaya, na posho ikija itakuwa ziada.

Chaki na Vumbi, maneno yako kuhusu saa za usiku yamenifanya niombe kukaa katika kitengo cha shule hiyo ya jirani kwa wiki 2 za likizo, bila malipo, kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimemaliza wiki ya kwanza. Siku ya tatu nilirudi nyumbani na alama ya meno mkononi. Siku ya tano mtoto mmoja alinipa kiatu chake nimfunge, jambo ambalo mwalimu wake alisema hajawahi kulifanya kwa mgeni. Sitaki kutia chumvi. Bado sijaandika mpango hata mmoja, na najua hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nukta Sita, nimefuata ushauri wako wa matangazo. Katika miaka 2 nimepata 14 yaliyohusu elimu maalumu katika eneo ninaloweza kuishi. Yaliyotaja uziwi na Lugha ya Alama ni 6, usonji na ulemavu wa akili 5, kutoona 2, na moja tu lilisema «elimu maalumu» bila kufafanua. Kati ya vyuo viwili nilivyofikiria, kimoja kina mkufunzi kiziwi anayefundisha Lugha ya Alama saa 6 kwa juma kwa miaka 2 ya mwanzo; kingine kina somo moja la muhula mmoja, na ndicho chenye majengo mazuri na jina kubwa. Nimechagua cha kwanza, mchepuo wa uziwi.

Nitakachomwomba mkuu wa shule kwa maandishi ni mambo matatu: kwamba siku za mitihani zihesabiwe kama ruhusa ya kawaida, kwamba mafunzo kwa vitendo yafanyike jirani kama nilivyoeleza, na kwamba nikihitimu jina langu lipelekwe kwa ajili ya kitengo na si kujaza pengo la darasa lingine. La tatu najua hana mamlaka nalo lote, lakini barua yake itakuwa na uzito kuliko barua yangu. Tunakutana Jumatatu.

Chaki na Vumbi

Ongeza la nne: vipindi 2 kwa juma visivyo na darasa, kwa ajili ya kuandika mipango. Mimi sikuviomba mapema, na nilipokuja kuviomba ratiba ilikuwa imeshabandikwa ukutani.

Daftari Jekundu

Barua iwe na nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.